Kunde Anahamia Buffalo

Keza mwanangu,

Umekwenda kuchukua lile gari la kukodi, na mimi nimekaa mezani jikoni na kalamu kabla hujarudi. Leo tangu asubuhi nimefagia sebule mara tatu. Baba yako ameniuliza kama tunangoja wageni. Nimemwambia ninafagia kwa sababu mwanangu amepata nafasi chuoni, anakwenda kusomea uuguzi wa wanyama, na mikono yangu haijui pa kuiweka furaha hii yote.

Mambo ya kufua, kupika na kufunga milango sikuandikii. Unayajua, na mengine unayajua kunishinda. Kuna jambo moja ambalo nimekuficha kwa miaka minane, na sitaki uondoke nalo likiwa bado limefichwa. Linamhusu Kunde. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uisome kabla hatujaondoka kesho. Ukiwa na la kuniuliza, tuna saa tano za njiani kutoka hapa Columbus hadi Buffalo, na sitakuwa na pa kukimbilia.

Unakumbuka ulivyokuwa tulipofika Louisville? Ulikuwa na miaka kumi. Tulikaa Newburg, katika ile apatimenti ya ghorofa ya chini, nyuma ya majengo mengine yanayofanana nayo. Mwalimu wako alinipigia simu kwa mkalimani, akaniuliza kama huwa unaongea nyumbani, kwa sababu darasani hakuwa amesikia sauti yako tangu shule ifunguliwe. Niliona haya kumjibu. Nyumbani nako ulikuwa unaongea kidogo. Baba yako alikuwa barabarani na lori wiki nzima, mimi nilikuwa ghalani nafunga maboksi, na wewe ulikuwa unarudi kwenye nyumba tupu.

Siku moja nikitoka kazini nilimkuta mwanamume amesimama kwenye maegesho ya duka, nyuma ya gari lake lililokuwa wazi. Alikuwa na kapu lenye vitoto vya nguruwe vitano, vile vya kufugwa nyumbani kama paka, vyenye matumbo yanayoning'inia. Kule Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, sikuwahi kuona nguruwe amelala kwenye kapu. Nikamuuliza, "Huyu atakuwa mkubwa kiasi gani?" Akaonyesha kwa mikono yake, kama mtu anayeonyesha urefu wa mkate. Akasema, "Hazidi hapa. Mpe nusu kikombe cha chakula kwa siku, atabaki hivi hivi."

Sikumuuliza mtu mwingine yeyote. Sikuuliza wazazi wake walikuwa na ukubwa gani, sikuuliza anaishi miaka mingapi, sikusoma mkataba wetu wa nyumba. Nilimtazama yule mdogo kuliko wote, mweusi mwenye madoa meupe, nikawaza uso wako. Nikamweka ndani ya koti langu.

Ulipomwona ulisema, "Mama, anafanana na kunde." Hilo ndilo neno la kwanza refu nililolisikia kutoka kwako baada ya muda mrefu, na jina likawa hilo. Wiki hiyo hiyo mwalimu alipiga simu tena. Alisema umesimama mbele ya darasa ukaeleza jinsi ya kumkuna nguruwe tumbo hadi ajilaze mwenyewe.

Kwa hiyo elewa, simjutii Kunde hata siku moja. Ninajuta namna nilivyomchukua, kama mtu anayenunua nyanya.

Kosa la pili lilitokana na mapenzi, au nililiita hivyo. Yule mtu aliposema nusu kikombe, nilimwona ni mkatili, na kweli alikuwa anatufundisha kumtesa mnyama kwa njaa ili abaki mdogo. Lakini mimi nilikimbilia upande wa pili. Kambini babu yako alifuga nguruwe mmoja kila mwaka, na sisi watoto tulimtazama akinenepa kama wengine wanavyotazama mahindi yakikomaa. Nguruwe mnene ilikuwa habari njema. Basi nikampa Kunde ugali, mkate, wali uliobaki, viazi, keki ya kanisani. Akiguna nampa. Akinyamaza nampa, labda anaumwa. Kufikia mwaka mmoja alikuwa anashindwa kupita kati ya kochi na ukuta, na mimi nilikuwa namwonyesha kila mgeni kwa fahari.

Na nyumba alikuwa anaimaliza. Alibandua ile plastiki ya sakafu ya jikoni kwa pua, akang'oa mlango wa kabati. Nilimpiga kwa ufagio, nikasema ana kiburi. Sikujua kwamba nguruwe ameumbwa kufukua, na asipopewa udongo atafukua kilichopo. Wewe ulijua. Ulisema, "Amechoka kukaa bure, Mama." Nilikwambia watoto hawafundishi wakubwa.

Watu wa ofisi ya apatimenti walikuja kukagua kengele za moshi. Kwa mwaka mzima tulikuwa tunamficha Kunde bafuni kila mtu akibisha hodi, unakumbuka, na wewe nilikufundisha kusema ni mbwa wa jirani. Siku hiyo hakukuwa na mtu wa kumficha. Tulipewa siku saba: nguruwe aondoke, au tuondoke sisi.

Sasa nafika kwenye lile jambo.

Nilikwambia nimempeleka Kunde kupumzika shambani kwa rafiki yangu hadi tupate nyumba yenye uwanja. Sikuwa na rafiki mwenye shamba. Nilimpigia mtu niliyemwona kwenye matangazo, mtu anayechukua mifugo isiyotakiwa. Alikuja ukiwa shuleni. Kabla hata hajamwona, aliuliza swali moja tu: "Ana kilo ngapi?"

Keza, nililielewa swali lile. Mimi ni mtoto wa mfugaji, ningelielewa hata lingeulizwa kwa lugha nisiyoijua. Nikamjibu. Tukamfunga kamba, akapiga kelele zile unazozijua, mpaka majirani wakafungua madirisha, na yule mtu akamburuta mpaka garini. Nikarudi ndani nikapiga deki bafu.

Uliporudi hukulia. Afadhali ungelia. Ulisema, "Sawa," kwa Kiingereza, ukaingia chumbani. Baadaye ukatoka na blanketi lake limekunjwa, na juu yake karatasi. Ukasema, "Umpelekee rafiki yako, maana hamjui Kunde." Niliisoma wewe ukiwa unaoga. Uliandika kwamba anapenda kukunwa tumboni, siyo mgongoni. Kwamba maji yake yawe kwenye chombo kizito kwa sababu anapindua. Kwamba kelele zake nyingi siyo maumivu. Na chini, kwa herufi kubwa, uliandika: USIMNYANYUE. ANADHANI ANAKUFA.

Asubuhi yake nilipiga simu ghalani nikasema naumwa. Nilikuwa na leseni ya gari ya miezi miwili, na sikuwahi kwenda barabara kuu peke yangu. Nilikwenda. Shamba la mtu yule, kwa anwani iliyokuwa kwenye tangazo, lilikuwa zaidi ya saa moja kutoka Louisville, na nusu ya njia nilikuwa nimewasha taa za hatari.

Yule aliyemchukua Kunde, mzee mmoja, nilimkuta anapakua magunia. Nikamwambia nimemfuata nguruwe wangu.

"Ulinipa mwenyewe," akasema.

"Ndiyo. Nilikosea."

"Ungekuja Jumamosi usingemkuta."

Nikasema, "Najua." Kiingereza changu kiliishia hapo. Maneno mengine yote yalinikimbia, nikabaki nimesimama mbele ya mtu yule kama ulivyokuwa wewe darasani. Nikampa karatasi yako.

Aliisoma polepole. Akaisoma tena. Kisha akatembea kwenda kwenye zizi, nami nikamfuata. Kunde alikuwa kwenye kona, ndani ya tope, hakugeuka nilipokuja. Nikamwita kwa Kiswahili, "Kunde, njoo ule," na akainua masikio. Mzee akafungua lango, akainama kumshika ili amtupe nyuma ya gari letu. Mkono wake ukaishia hewani. Akanyooka, akaenda bandani, akarudi na mlango wa zamani wa mbao, akauegemeza kwenye gari kama ngazi. Tukakaa pale, mimi na yeye, tukimvuta Kunde kwa vipande vya tufaha, hatua moja moja, karibu saa nzima. Hakumnyanyua. Hakuna aliyepiga kelele.

Hivyo ndivyo Kunde alivyorudi. Siyo mimi niliyemwokoa. Mimi ndiye niliyemtoa. Aliokolewa na karatasi ya mtoto wa miaka kumi na moja, na ukarimu wa mtu ambaye hakuwa na sababu ya kunikarimu. Uliponishukuru siku ile kwa kumrudisha mapema kutoka kwa rafiki, ukanikumbatia mbele ya watu wote pale uani kwa dada mmoja wa kanisani, nilizipokea shukrani zako. Ndilo linaloniuma kuliko yote. Samahani, mwanangu.

Baada ya hapo unayafahamu mengi. Dada huyo alimhifadhi Kunde kwake wiki tano, na baba yako akatafuta nyumba kila mji lori lake lilipopita, hadi akapata hii ya Columbus, huku Northland, yenye uzio na mti wa kivuli. Safari hii tulikwenda kwanza ofisi ya mji kuomba kibali. Mwenye nyumba tulimwambia ukweli kabla hatujamwonyesha hata vitambulisho vyetu. Alicheka sana, kisha akaandika ruhusa na kusaini. Unajua nililala vipi usiku ule? Kama jiwe. Ndipo nikajua kwamba mwaka mzima kule Newburg sikuwa nimelala vizuri, nilikuwa nasikiliza hodi.

Lakini nataka tuongee kuhusu macho yake, kwa sababu hapo ndipo nilipoanza kukuona wewe ulivyo.

Tulipohamia hapa alianza kuwarukia wageni, tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari alimshika Kunde kichwa, akaikunjua ile mikunjo ya nyama juu ya macho kwa vidole. Akasema, "Macho yenyewe ni mazima. Haoni kwa sababu mafuta yameyafunika." Nikamwambia haiwezekani, anatembea nyumba nzima. Akanijibu kwamba ameikariri nyumba, na anatusikia. Ndiyo maana alikuwa anawarukia wageni, alikuwa anaogopa. Nilikaa kwenye kiti cha pale kwa daktari nikawa nahesabu vyakula vyote nilivyompa kwa upendo.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulitoa daftari. Ukauliza apimiwe chakula gani, mara ngapi, majani kiasi gani, atembee dakika ngapi, kwato zikatwe kila baada ya muda gani. Daktari akaacha kunitazama mimi, akageukia kwako, mkaongea kama watu wa kazi moja. Njiani kurudi ulisema, "Mama, kuanzia leo mimi ndiye nitakayempa chakula." Nikasema sawa, na nilimaanisha. Mara mbili nilimpa kipande cha chapati kwa siri, na mara zote mbili ulijua.

Miezi mingi, Keza. Wakati wa theluji ulimfunga mkanda wa kifuani ukatembea naye mpaka kona na kurudi, watu wa basi wakiwapungia mikono. Wakati wa joto ulimchimbia dimbwi na kumpaka mafuta ya jua masikioni, na baba yako akasema mtoto huyu amechanganyikiwa. Kisha ile Jumapili, tumetoka kanisani, umesimama kule mwisho wa uwanja, hujasema neno, hujatikisa ndoo. Kunde akainua kichwa. Akakutazama. Akatembea moja kwa moja mpaka kwako bila kugusa uzio, bila kunusa ukuta. Uliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako: "Mama, ananiona." Nilitoka na mwiko mkononi, na wali uliungua.

Mama Zuhura naye ni sehemu ya mambo niliyojifunza nikiwa nimechelewa. Tulihamia karibu na Mtanzania wa kule kule Kigoma, Mwislamu, na mimi kwa woga wa maneno sikumwambia lolote kuhusu mnyama tuliyekuja naye. Nilidhani nikinyamaza haitakuwa jambo. Uzio ulikuwa na ubao uliooza, nikaahirisha kuutengeneza, Kunde akapita, akafukua mchicha wake wote. Nilipokwenda kuomba radhi nilijiandaa kutukanwa. Alisimama mlangoni na mtandio wake, akaniambia, "Mama Keza, mimi na mnyama wako hatuna ugomvi, yeye hajui mpaka. Ugomvi wangu ni na wewe unayeujua."

Wewe na baba yako mliweka uzio mpya Jumamosi ile ile, mkaurudisha nyuma hatua tatu kutoka kwake, na wewe ukamtengenezea Kunde boksi la udongo na mawe la kufukulia. Ulimpandia Mama Zuhura mchicha mwingine. Naye hajawahi kumgusa Kunde na hatamgusa, na sisi hatujawahi kumpelekea chakula bila yeye kujua kilipikwa kwenye chungu gani. Lakini ni yeye aliyenipigia simu ghalani siku ile lango lilipobaki wazi: "Mtu wenu yuko barabarani, nimesimamisha magari, fanya haraka." Leo asubuhi amekuja kwenye uzio akamtazama Kunde akiota jua. Akamwambia, "Kumbe utaniachia kimya." Nadhani ametusamehe zamani.

Ninavyokuona ukijiandaa kwa Buffalo, naona umefanya kinyume cha yote niliyofanya mimi, na moyo wangu unaruka. Shangazi yako alikupa chumba pale kwake West Side, bure, karibu na kanisa na basi. Ulikwenda ukakiona, ukarudi ukasema hapana: ngazi kali, uwanja hakuna. Shangazi alinipigia akiwa amekasirika. "Wifi, mtoto anaacha chumba kwa ajili ya nguruwe?" Nikamwambia ndiyo, na nikajisikia fahari hadi nikaogopa ataisikia kwenye simu. Ulitafuta hadi ukapata ile nyumba ya chini isiyo na ngazi, yenye uwanja, nje ya mji, ukapiga simu ofisi ya huko kabla ya kumpigia mwenye nyumba, ukaomba ruhusa kwa maandishi, ukatafuta daktari anayejua nguruwe kabla hata ya kutafuta kitanda chako. Utapanda mabasi mawili kwenda chuoni. Ulisema tu, "Ana miaka tisa, Mama. Anaweza kuishi mingine mingi. Sikumchukua kwa muda wa shule ya msingi."

Wewe hukumchukua, Keza. Mimi ndiye niliyemchukua, na wewe ndiye uliyebaki naye.

Huko utakutana na watu wanaotaka kitoto cha nguruwe kwa sababu wamekiona kwenye simu kimevaa soksi. Watakuuliza kwa kuwa wewe una wako. Waambie yote, na kuhusu mimi pia. Sema, mama yangu alifanya hivi na hivi. Sitaona aibu. Kama mama mwingine, wa Newburg au kwingine, atasimama kwenye maegesho akauliza maswali mawili zaidi kabla hajafungua koti lake, kosa langu litakuwa limefanya kazi.

Na siku utakapokosea wewe, kwa sababu utakosea, kwa mnyama au kwa mtu, usikae bafuni unapiga deki kama mimi. Ingia garini mapema.

Jambo la mwisho. Jana jikoni ulipokuwa unapanga ndoo zake, uliniona nimefungua mdomo kisha nikauliza mkanda wake uko wapi. Sikuwa nataka kujua mkanda uko wapi. Nilitaka kukuomba uniachie Kunde. Baba yako yuko barabarani siku nne kwa wiki, nyumba itakuwa kimya, na mimi ninapotoka shifti yeye ndiye anayenisalimia kwanza. Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Halafu wewe ukapita nyuma ya meza, na Kunde, aliyekuwa amelala miguuni kwangu, akaamka akakufuata. Hakuwa na njaa. Alitaka tu kuwa kwenye chumba ulichomo. Nikaona niulizie mkanda.

Kesho wewe ndiye dereva. Baba yako atakaa mbele asome ramani ambayo hatuihitaji, na mimi nitakaa nyuma na Kunde, mkono wangu tumboni kwake, ili asiogope magari makubwa. Ukisikia mtu analia huko nyuma, usigeuke kuangalia ni nani kati yetu. Wewe tazama barabara, mwanangu, utupeleke.

Mama yako